Unene wa Wino

Mwenyekiti alimkabidhi mtafiti kalamu ya wino mzito. "Haya, mtaalamu, tuchoree mpaka. Watu wana njaa, tufunge kikao."

Mtafiti alichora mstari mwekundu kwenye ramani ukutani. Ndani ya mstari huo hakuna ambaye angevua samaki tena. Alirudi nyuma kutazama. Ncha ya kalamu ilikuwa nene kama kidole, na wino ulikuwa umeimeza ghuba ndogo nzima.

"Hapo penye wino," sauti iliuliza kutoka viti vya nyuma, "ni ndani au nje?"

Hakuhitaji kugeuka. Ni kaka yake, aliyemsomesha kwa samaki wa ghuba hiyo hiyo.

"Sayansi inasemaje?" mwenyekiti akadakia.

Utafiti ulisema samaki wanataga humo, na wamebaki wachache mno. Haukusema nani alale njaa. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua ramani, akasugua tena mbele ya watu wote. Wino haukutoka ng'o.

"Mdogo wangu," kaka aliita taratibu, "sema tu."

"Ndani."

Kaka yake akaitikia kwa kichwa, vilevile kama zamani, mdogo wake alipomletea ripoti nzuri ya shule.