Kuku wa Siku Sita

"Kuku sita," NyaGondwe alirudia, safari hii akinyoosha vidole juu ili hata waliokaa nyuma wahesabu. "Jumatatu, jikoni kwake kunanukia kuku. Jumanne, kuku. Jumatano, kuku. Hivyo hivyo mpaka jana. Na kwangu kila siku anapungua mmoja. Banda langu tupu, mmeliona wenyewe."

Walikuwa wameliona. Asubuhi ile, kabla ya ibada ya Jumapili, Jumbe Harawa alikwenda na wazee wawili, akainama kwenye mlango wa banda na kukuta manyoya na kinyesi tu. Sasa kijiji kizima kilikuwa kimejaa uani kwa Jumbe kusikiliza kesi.

NyaGondwe alikuwa na haja kubwa na kuku. Wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja Jumamosi, na wakwe hawapokewi kwa majani ya maboga. Sheria ya kijiji ilikuwa kuku kwa kuku: mwizi akipatikana analipa wote aliokula.

"Mama Temwa, umesikia," Jumbe alisema. "Jitetee."

Mama Temwa akasimama, bado yumo ndani ya sare yake ya umoja wa wanawake wa kanisa, sufuria yenye kifuniko miguuni pake. Mume wake yuko migodini Afrika Kusini mwaka wa tatu huu, na watoto ni watano.

"Baba, naapa mbele ya Mungu, sijala kuku sita wa mtu. Wiki nzima tumekula mmoja."

Watu wakacheka. Hata Jumbe alijikuna ndevu ili kuficha meno.

"Mmoja, siku sita, watu sita?" NyaGondwe akadakia. "Huyo alikuwa kuku au ng'ombe?"

"Wewe dada ukichinja unamaliza siku hiyohiyo, ndiyo maana hujui. Ngoja nikufundishe."

Akaanza kumgawa kuku yule kwa mikono hewani. Jumatatu walikula kichwa, miguu, na utumbo uliooshwa vizuri ukazungushiwa miguuni. Nyama iliyobaki aliipaka chumvi akaitundika juu ya moshi wa jiko. Jumanne ilikuwa zamu ya shingo na mabawa, kwenye mchuzi mzito wa unga wa karanga. Jumatano aliupika mgongo na majani ya maboga, nyama yenyewe ukiitafuta kwa kidole. Alhamisi alikichambua kidari nyuzi nyuzi ndani ya maharage, na kila mtoto akalala akiamini amepata kuliko wenzake. Ijumaa mapaja. Jumamosi ikabaki mifupa, akaichemsha na nyanya na kitunguu, wakachovya sima mpaka sahani zikang'aa.

"Na leo nilikuwa naichemsha mara ya pili mliponiita," alimalizia.

NyaGondwe alisikiliza yote yale huku roho ikimuuma, midomo ameibana. Kilichomuudhi zaidi ni wanawake waliokuja kumuunga mkono yeye. Walikuwa wameanza kuulizana unga wa karanga unatiwa vijiko vingapi.

"Maneno matamu," alisema. "Mifupa iko wapi?"

Mama Temwa akafunua sufuria. Mzee mmoja akamimina mifupa kwenye ungo, akaipanga mmoja mmoja kwa uangalifu wa mtu anayeosha maiti. Mapaja mawili. Mabawa mawili. Kidari kimoja. Alitafuta shingo ya pili kwa muda mrefu, akakata tamaa.

"Ya wengine ameitupa," NyaGondwe alisema.

"Na firigisi je?" Jumbe aliuliza.

Hakuna asiyejua kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba, na akiwa safarini inapelekwa kwa mkubwa wa ukoo wake. Mkubwa wa ukoo wa mume wa Mama Temwa alikuwa Jumbe mwenyewe.

"Jumatatu nililetewa moja, nikaila," Jumbe alisema. "Mwanamke huyu tangu aolewe hajawahi kuninyima firigisi. Angechinja sita, ningekula sita. Wiki nzima mimi nimekula moja, halafu nikarudi kwenye mlenda wangu."

Vicheko vikapasuka upya. Hukumu haikuchukua muda: Mama Temwa hana kosa, na NyaGondwe, kwa kumchafulia jina mama wa watu, alipe faini ya kuku mmoja leo hii, jua likiwa juu. Mwenyekiti wa umoja wa wanawake akasimama kuomba Mama Temwa awafundishe wenzake upishi ule siku ya Alhamisi.

"NyaGondwe, una la kuongeza?" Jumbe aliuliza.



"Sina, baba."

Alasiri alivuka kijito kwenda kwa dada yake, ambako kuku wake watano walikuwa wamefichwa nyuma ya ghala tangu katikati ya wiki. Akamkamata aliye mdogo kuliko wote, akamfunga miguu, akarudi naye kwapani bila kumsalimia mtu njiani.

Mama Temwa alimpokea mlangoni, kwa mikono miwili na goti chini, kama inavyopasa kumpokea jirani. Akampapasa kuku kidarini. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akahakikisha wako wawili tu.

"Ungesema mmoja, dada," alimnong'oneza. "Ningekiri palepale."