Maziwa ya Bi Darmi

Bi Darmi alifika kwenye mnara wa umeme wa upepo saa nne asubuhi, amekumbatia kibuyu cha maziwa. Akamkuta Galgalo, mlinzi wa pale, amesimama langoni.

"Galgalo mwanangu, macho yangu yamechoka," alisema. "Natafuta kaburi la mzee wangu, naona kokoto tu. Siku ile ya kupima ardhi wewe ndiye uliyekuwa mkalimani wa watu wa kampuni. Nionyeshe alipo, nimmwagie maziwa yake."

Galgalo alitazama viatu vyake vya kampuni. Siku ile mpimaji alilinyooshea kidole rundo la mawe, akauliza ni nini. Galgalo, ambaye tayari alikuwa ameahidiwa kazi, alijibu kwamba ni mawe tu, wachungaji huyapanga wakikosa la kufanya. Kufikia jioni, tingatinga lilikuwa limeyasambaza mawe yote barabarani.

"Pale, mama," alisema, akaonyesha mgunga mdogo kando ya uzio.

Bi Darmi akaenda, akapiga magoti, akamwaga maziwa taratibu huku akimsimulia mumewe habari za mbuzi na za mvua iliyochelewa. Aliporudi, alimpa Galgalo kibuyu.

"Nimekubakizia. Kunywa, mwanangu. Siku hizi wewe ndiye unayemlinda."

Galgalo alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa utotoni, akapiga funda. Kivuli cha pangaboi la mnara kikampita usoni, kikarudi, kikapita tena, na maziwa yalikuwa bado yamemjaa mdomoni.