Zawena Akiita Kutoka Kwenye Matete

Makorongo wa kinamasi kile walikuwa wakipungua kila msimu, na waliobaki walikunywa maji kwa zamu, wengine wakilinda. Asubuhi moja wakamsikia Zawena, mwenzao aliyekuwa amepotea, akiita kutoka kwenye matete: "Njooni jamani! Huku chakula tele!"

Kilemba, kiongozi wao asiyependa kupingwa, akakunjua mbawa. "Twendeni. Hapa tuko ndani ya hifadhi, nani atatugusa?"

"Bwana Kilemba, ngoja kwanza," akasema Kwale, korongo ambaye hata jani likidondoka hutetemeka. "Mbona yeye haji? Hebu mchezee tuone."

Korongo humsalimu mwenzake kwa kucheza akirukaruka, na mwenzake humjibu vivyo hivyo. Kilemba akaruka mruko mmoja palepale aliposimama, ili tu amnyamazishe yule mwoga. Zawena naye akaruka, juu kuliko alivyowahi kuruka, na kitu kikamrudisha chini kwa kishindo. Mguuni mwake ulimetameta uzi wa nailoni. Nyuma yake matete yakatikisika, na upepo haukuwapo.

Makorongo wakatimka angani. "Msaliti wewe!" Kilemba akapiga kelele. "Ulitaka tufe!"

"Nisipowaita, wawindaji hawa wananinyonga," Zawena akajibu. "Ndiyo maana niliruka juu vile, ili muuone uzi."

Mkono wa mtu ukatoka kwenye matete, ukaanza kuuvuta ule uzi.

Tangu siku hiyo makorongo hawasogeleani kabla ya kucheza. Na aliyefungwa asiweze kuruka, hawamwiti msaliti.