Maua ya Bi Somalatha

Bi Somalatha alipiga magoti mbele ya jiwe, akafumba macho, akaanza kunong'ona sala. Mzee Gunapala, ambaye magoti yake yalikwisha kataa kazi tangu mwaka juzi, akajikongoja akapiga magoti nyuma yake. Kisha akamkazia jicho binti yake.

"Na wewe," alinong'ona. "Shuka chini."

Iresha hakushuka. Alikuwa ameuma mdomo hadi machozi yanamlengalenga.

Jiwe lenyewe lilikuwa zuri, lazima tuseme kweli. Magofu ya nyumba ile ya watawa, msituni magharibi mwa Anuradhapura, mji wa kale wa Sri Lanka, ni kuta tupu na nguzo zisizo na hata ua moja la kuchongwa. Jiwe hili peke yake lilikuwa limechongwa likachongeka: vijumba, paa, madirisha, na katikati kitundu. Kila mtoto anayeletwa hapa na shule hulikumbuka na kusahau mengine yote.

Nyota za Iresha na za Janaka, mwana pekee wa Bi Somalatha, zilikuwa zimelingana. Mnajimu alikwisha sema. Wazee wakapanga familia zikutane matembezini, kama kwa bahati tu, ili mama amtazame binti. Iresha hakutaka kutazamwa. Chuo kimoja cha Osaka kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea ufinyanzi, na baada ya kununiana sana mezani, yeye na baba yake walipatana. Mama mtu akimkataa, apande ndege. Akimkubali, aolewe, tena bila kinyongo. Waliapa mbele ya picha ya marehemu mama yake, na kiapo hicho Iresha asingekivunja hata kwa dawa.

Kukataliwa, alidhani, ni kazi nyepesi. Bi Somalatha alikwisha kataa wasichana watatu, wote aliwaleta matembezi hapahapa, na wote walikuwa wapole, "ndiyo mama" kutwa nzima.

Lakini tangu asubuhi mambo yalimwendea kombo. Alichelewa makusudi; Bi Somalatha akampa pole ya foleni. Alikula wali wa maziwa kama aliyetoka kifungoni, akalamba na vidole. Bi Somalatha akamwongezea pilipili. Janaka naye hakuwa na ubaya wowote, jambo lililomtia Iresha hofu zaidi.

Ndipo walipofika kwenye jiwe.

"Hapa ndipo alipokaa mtawa mkuu akitafakari," Bi Somalatha alitangaza. "Hamuoni mapambo? Kwingine kote patupu, hapa tu. Hakuna mahali patakatifu kama hapa."

Akapekua kapu lake la maua. Mayungiyungi meupe, aliyoyafunika kwa kitambaa kibichi, hakuyagusa. Alitoa mawili yaliyonyauka chini kabisa, akayaweka kando ya kitundu. Bahili hata mbele ya Buddha, Iresha aliwaza. Na viatu hajavua! Asubuhi kwenye kuba jeupe la ibada aliwavulisha wote, wakarukaruka juu ya mawe ya moto kama bisi, na sasa yeye mwenyewe amepiga magoti na viatu vyake miguuni.

Janaka alikuwa amegeukia upande wa pili, anatazama kima mtini. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Iresha, mwanangu," Bi Somalatha aliita bila kufumbua macho. "Njoo umwombe mtawa mkuu akupe watoto."

"Nenda," baba yake alisema huku amekaza meno. "Usinitie aibu."

Aibu! Neno lilimfurahisha Iresha. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta tangu asubuhi, na kumbe ilikuwa imelala pale chini ikimngoja. Akajikohoza.

"Siwezi kupiga magoti hapo, mama."

"Kwa nini?"

"Hicho ni choo."

Bi Somalatha alifumbua macho.

"Watawa wa hapa walidharau anasa," Iresha aliendelea, sasa amepata upepo. "Ndiyo maana kila kitu chao ni kitupu. Mapambo yote wakayachonga mahali pamoja tu, wapate kuyakojolea kila siku. Mama, umeweka maua chooni. Na baba yangu anakisujudia, na anajua vizuri, maana ndiye aliyenieleza nikiwa darasa la tano."

Mzee Gunapala alitoa mlio kama wa mlango mbovu. Alitaka kusimama; magoti yakakataa.

Bi Somalatha aliinuka polepole. Akakung'uta sari yake. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Hadi hapa nilipofika," alisema, "hakuna msichana aliyewahi kuthubutu kuniambia neno kama hilo."

"Nisamehe, mama," alisema Iresha kwa sauti ya asali, huku akiomba asisamehewe. Moyo wake ulikuwa tayari uwanja wa ndege, unakabidhi sanduku.

Bi Somalatha akamgeukia mwanawe. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Wale watatu walipiga magoti. Yule wa Kurunegala alilibusu kabisa."

Akainama kwenye kapu, akakifunua kile kitambaa kibichi, akamjaza Iresha mikononi mayungiyungi yote meupe.

"Haya, shika," alisema. "Twende hekaluni tukayatoe sadaka mahali pake, mkwe wangu."