Baka kwenye Kizingiti

Katika mji uliolala miguuni pa mlima utoao moshi, mwanamume hahamii kwa mjane kabla ya kumwekea kizingiti kipya cha jiwe gumu la itale, tena kisicho na doa. Kwa hiyo Zawena, binti wa mjane, alifurahi moyoni alipoliona jiwe la Shekue, mchonga mawe aliyemposa mama yake. Katikati ya weupe wake palikuwa na baka jeusi, pana kama kiganja.

"Litakataliwa," alisema.

Shekue aliendelea kuchonga. "Zamani, chini ya mlima, jiwe hili lilikuwa moto mweupe, mzito kama uji, umetulia tuli. Ukapanda moto mwingine, mweusi, wenye joto zaidi. Ukaingia bila hodi."

"Kama wewe."

"Kama mimi," alikubali. "Mioto hiyo ikachanganyika, ukatokea ukijivu huu wa pembeni. Bonge moja tu la ule mweusi likagoma kuchanganyika, likapoa humo humo, jeusi vile vile." Akampa nyundo na tindo. "Litoe basi, mwanangu. Sikuzuii."

Zawena alipapasa kwa ukucha, akitafuta ufa wa kupenyeza tindo. Hapakuwa na ufa. Chembe nyeupe zilikuwa zimeingia ndani ya weusi, taratibu, kama usingizi unavyoingia machoni.

Jua lilikuwa limeshazama, lakini jiwe lilikuwa bado na joto. Alivua kandambili, akasimama juu ya baka, akafumba macho. Chini kabisa alihisi kitu kikitokota polepole.

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwake.