Mgeni wa Waifai

Simu yangu ilikuwa ikishika waifai sebuleni na kuiachia jikoni. Niliizima nikaiwasha, nikaiweka kwenye hali ya ndege nikaitoa, wapi! Nikabonyeza "Sahau mtandao huu" ili niunganishe upya.

Sikukumbuka kwamba siku hizi waifai ndiyo inayoendesha nyumba nzima, milango hadi jiko. Ukiisahau, nayo inakusahau. Nilipotoka uani kuanua shuka, mlango ukajifunga nyuma yangu. Nikasikia nyumba ikimuuliza mke wangu kwa adabu: "Mwanakheri, kuna mwanamume uani. Ni wa hapa, au ni mgeni?"

"Mama Rukia, iambie mimi ni wa hapa!" nikapaza sauti.

"Wa hapa gani, hata chai hujawahi kupika?" akacheka. "Ni mgeni huyo. Mfungulie."

Basi nikaingia kama mgeni na, niamini, simu haijakata tena, hata chooni. Jiko linanichemshia chai kabla sijaitamani.

Ila mgeni huombewa ruhusa kila jioni. Nyumba humuuliza mke wangu: "Mgeni alale?" Mwanzoni alijibu "Ndiyo" kabla swali halijaisha. Juzi nikamwomba anirudishe kuwa wa hapa.

"Haraka ya nini, Baba Rukia? Mtandao si unashika?"

Jana nyumba ilipouliza, aliweka chini kisu cha vitunguu, akanitazama kwa makini, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Ngoja kwanza," akaiambia. "Nafikiria."