Mawese ya Moto

Nilofar alisukuma kiti cha magurudumu cha baba yake hadi safu ya mbele, akafunga breki kwa kishindo. Alitaka mwandishi awaone.

Mwandishi alikuwa Godelive, mwanamke asiyevua shali hata katika joto la Julai. Kwa miaka minne alikuwa amemhudumia Mzee Jalaludin, baba yake Nilofar, nyumbani kwa mzee huyo mjini Pickering: kumlisha, kumwogesha, kumvisha, kuzungumza naye hadi alale. Sasa alisimama katika maktaba ya mtaa wa Agincourt na riwaya yake ya kwanza mkononi, ambayo magazeti yaliisifu kwa wiki tatu mfululizo.

Nilofar aliijua kila sura. Zamani baba yake hakusimulia lolote juu ya utoto wake katika mji wa Uvira. Tangu ugonjwa wa kusahau ulipomwanza, alikuwa amefunguka. Kila Jumapili Nilofar alipomtembelea, mzee alimsimulia yale yale: askari mlangoni, mtoto aliyefichwa chini ya meza ya jikoni, sufuria ya mawese yanayochemka ikimpindukia begani.

“Mtoto hakulia,” Godelive alisoma kwa Kiswahili, kwa heshima ya wazee waliofika, “kwa sababu kilio kingewaua wote.”

Midomo ya Mzee Jalaludin ilikwenda naye neno kwa neno. Machozi yalimtoka.

Nilofar akasimama. “Mwizi!”

Watu waligeuka.

“Baba yangu amepoteza kila kitu isipokuwa utoto wake, na wewe umeuuza! Ulikuwa unamlisha uji huku unamwibia maneno kinywani?”

“Dada Nilofar, tafadhali. Tuzungumze nje.”

“Nje kwa nini? Waambie hapa hapa ni nani aliyeungua!”

Godelive alimtazama mzee, kisha akainamisha macho.

“Huna ujasiri? Basi nitawaonyesha mimi.”

Nilofar alifungua vifungo vya shati la baba yake, akalishusha kwenye bega la kushoto. Kisha la kulia. Akarudi la kushoto.

Ngozi ilikuwa laini kote, bila alama hata moja.

“Papa Jalaludin atashikwa na baridi,” alisema Godelive. Alikuja mbele, akavua shali yake, akamfunika nayo. Kutoka chini ya sikio hadi ndani ya ukosi wa gauni, ngozi ya Godelive ilikuwa imekunjamana na kung’aa kwa kovu.

Mzee alinyoosha mkono, akaigusa kwa ncha za vidole.

“Na hukulia, mwanangu,” alimwambia.